Je, aina ya mto ndiyo inayoamua manufaa yake kwa uchumi wa nchi?

Mwalimu wa Ramani

Ndugu wanajukwaa, ninaandaa somo la mito kwa wanafunzi wa sekondari, na kila kitabu ninachokipitia kina mpangilio uleule. Sura moja inaeleza aina za mito: kuna mito ya kudumu, mito ya msimu, na makorongo yanayotiririsha maji kwa saa chache tu baada ya mvua, kisha tunaambiwa kwamba mto una hatua ya ujana, hatua ya utu uzima na hatua ya uzee. Sura inayofuata inaorodhesha faida za mito, yaani umeme, umwagiliaji, usafiri, uvuvi, utalii na maji ya majumbani. Sura hizo mbili hazisemezani kabisa. Mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba kila mto unaweza kutoa kila faida, na kwamba nchi yenye mto mrefu ni lazima iwe imejaliwa kuliko nchi yenye mto mfupi.

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo nililijibu bila kuridhika na jibu langu mwenyewe. Alisema: ikiwa mto Kongo unapitisha maji mengi kuliko mto wowote duniani isipokuwa Amazon, mbona meli hazipandi kutoka baharini hadi katikati ya bara kama zinavyofanya kwenye Amazon? Nilimweleza kwamba kuna maporomoko njiani. Akaniuliza tena: sasa maporomoko hayo ni hasara kwa nchi au ni faida?

Ningependa kusikia kutoka kwa wenye ujuzi namna aina ya mto inavyofungamana na kile ambacho nchi inaweza kukipata kutoka kwake. Aidha, mto wa msimu, ambao vitabu vyote huutaja kwa sentensi moja na kuuacha, una thamani gani ya kiuchumi, ikiwa inayo?

Mhandisi wa Maji

Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa kiini cha jambo zima, kwa hiyo nitaanzia kwake. Maporomoko ni kikwazo kwa nahodha na ni hazina kwa mfua umeme, na yote mawili yanatokana na jambo moja, yaani mteremko. Mto hauwezi kuwa mpole na mkali mahali pamoja. Anayetaka kujua mto utaisaidia nchi kwa namna gani auweke kando urefu wake kwanza, aulize mambo matatu: unapitisha maji kiasi gani kwa sekunde, unashuka mita ngapi katika umbali gani, na maji hayo yamegawanyika vipi katika miezi 12 ya mwaka.

Kuna hesabu ambayo wanafunzi wako wanaweza kuifanya ubaoni. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Ikiwa katika kila sekunde mita moja ya ujazo inaanguka kutoka kimo cha mita 100, nguvu iliyomo ni 1,000 mara 9.8 mara 100, yaani wati 980,000. Ukiondoa kinachopotea katika mabomba na mitambo, utabaki na kilowati 850 hivi. Sasa wapeleke wanafunzi wako tambarare, mahali ambapo maji kiasi kilekile yanashuka mita 2 tu, na watagundua kwamba nguvu imebaki sehemu moja ya 50. Ndiyo maana Norway hupata takribani umeme wake wote kutokana na mito mifupi ya milimani, ambayo mingi haionekani hata katika ramani ya dunia, ilhali mito mipana inayojikokota katika nchi tambarare inaweza isiwashe hata mji mmoja.

Kongo ni mto wa aina yake kwa sababu una wingi wa maji na mteremko kwa pamoja. Kwa wastani hupitisha takribani mita za ujazo 41,000 kwa sekunde, na eneo la Inga unashuka karibu mita 100 katika masafa mafupi. Tena matawi yake yanatoka pande zote mbili za Ikweta, kwa hiyo mvua zinapokatika kaskazini zinakuwa zimeanza kusini, na mto haupungui sana katika msimu wowote. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka mwanafunzi wako alikumbuke kuliko yote, kwa maana mtambo wa umeme hauhitaji mafuriko. Unahitaji maji yaleyale leo, kesho na mwezi ujao. Inga ya kwanza ilianza kazi mwaka 1972 na ya pili mwaka 1982, na zote mbili zina uwezo wa megawati 1,775 hivi, ambao ni sehemu ndogo ya kile ambacho mahali pale pangeweza kutoa. Kwa hiyo mjibu kwamba maporomoko yale ni faida ambayo sehemu kubwa yake bado haijavunwa.

Mito mingi haikujaliwa hivyo. Rufiji wa Aprili si Rufiji wa Oktoba, na ndiyo sababu Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limehitaji ziwa kubwa nyuma ya ukuta wake. Kazi ya ziwa hilo ni kuchukua maji ya miezi ya mvua na kuyagawa katika miezi ya kiangazi, kama ghala linavyogawa mavuno. Lakini ghala halioti nafaka. Zambezi umezuiliwa na ukuta wa Kariba uliokamilika mwaka 1959, na ziwa lake ni miongoni mwa maziwa makubwa kabisa yaliyotengenezwa na binadamu. Hata hivyo ukame wa mwaka 2024 ulipolishusha, Zambia na Zimbabwe ziliingia katika mgao mkali wa umeme, viwanda vikasimama kwa zamu na watu wakarudi kwenye mkaa. Nchi inayofua sehemu kubwa ya umeme wake kutoka katika mto mmoja imeufunga uchumi wake kwenye mvua za bonde la mto huo.

Baharia wa Maji Baridi

Ninaomba niongeze upande wa usafiri, kwa kuwa nimefanya kazi katika vyombo vya mizigo vya mtoni kwa miaka mingi, na kwa kuwa vitabu huandika kwamba mito hutumika kwa usafiri kana kwamba maji yakiwapo basi chombo kinapita.

Mwenye shehena hana haja na kina cha wastani wa mwaka. Anachotaka kujua ni kina cha siku ile mzigo wake utakapopita mahali penye maji machache kuliko pote njiani. Katika mto Rhine mahali hapo ni Kaub, nchini Ujerumani, ambapo mto unapita juu ya miamba, na kipimo cha maji cha Kaub huangaliwa kila asubuhi na watu walio mamia ya kilomita kutoka hapo. Chombo kikubwa cha kawaida katika mto huo kina urefu wa mita 110 na upana wa mita 11 na kitu. Zidisha vipimo hivyo na utaona kwamba maji yakishuka sentimita 10 tu, chombo kinaacha gatini zaidi ya tani 100 za mzigo. Ubavuni mwa chombo pamepakwa alama za rangi, moja juu ya nyingine mfano wa ngazi, na msimamizi wa upakiaji husimama akizikodolea macho huku nafaka au makaa ya mawe yakimiminwa. Maji yakigusa alama aliyoagizwa anainua mkono na kila kitu kinasimama, hata kama nusu ya tumbo la chombo bado ni tupu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika ukame wa mwaka 2018 na tena Agosti 2022. Nauli za mizigo zilipanda, na viwanda vilivyo kandokando ya mto vikakosa malighafi ilhali maji bado yalikuwa yanapita mbele ya milango yao.

Nimeanza na siku mbaya za Rhine kwa sababu siku zake nzuri ndizo nyingi. Theluji ya milima ya Alps inayeyuka wakati wa joto, mvua za majira ya baridi zinalisha matawi ya chini, na Ziwa Konstanz lililo njiani linasawazisha tofauti. Asili imefanya sehemu yake, na watu wakafanya yao: Mkutano wa Vienna wa mwaka 1815 uliunda kamisheni ya kusimamia usafiri katika mto huo, na Mkataba wa Mannheim wa mwaka 1868 ukaweka uhuru wa kupita bila kutozwa ushuru wa njia. Kabla ya hapo mabwana wa ngome za kingoni walikuwa wakitoza kila chombo kilichopita. Mto uleule, kina kilekile, lakini thamani yake kwa wafanyabiashara ilikuwa ndogo kuliko ilivyo leo. Mwalimu, hili halimo katika aina za mito na sidhani kama kitabu chako kinalitaja, ila kwetu sisi wa vyombo ni jambo kubwa.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wako. Mji wa Iquitos nchini Peru uko zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Atlantiki kwa kufuata Amazon, na kimo chake ni takribani mita 100 tu juu ya usawa wa bahari. Gawanya mwenyewe uone jinsi mteremko ulivyo mdogo. Kongo ni kinyume chake. Meli za baharini zinafika Matadi, karibu kilomita 150 kutoka mdomoni, na hapo safari inakwisha, kwani kati ya Matadi na Kinshasa mto unashuka kwa ngazi baada ya ngazi. Ilibidi ijengwe reli, iliyofunguliwa mwaka 1898, ili kuuzunguka mporomoko huo. Juu ya Kinshasa maji yanatulia tena, na tishari, yaani vyombo bapa vya mizigo vinavyosukumwa na boti, zinaweza kwenda kilomita 1,700 hivi hadi Kisangani, ambako maporomoko ya Boyoma yanakata njia kwa mara nyingine. Kila mahali njia inapokatika mzigo unashushwa, unahesabiwa, unapakiwa upya, na sehemu yake inaharibika au kupotea. Usafiri wa mtoni hupata unafuu wake kwa kubeba mzigo mwingi mara moja bila kuugusa njiani. Unafuu huo hupungua kila mzigo unapoguswa.

Kuhusu hatua za ujana na uzee ambazo mwanajiografia wa Marekani, William Morris Davis, alizieneza mwishoni mwa karne ya 19, waeleze wanafunzi kwamba mto mmoja unaweza kuwa kijana kwenye chanzo na mzee karibu na bahari. Kwa hesabu zetu uzee wa mto ni sifa, kwa sababu ndipo maji yanapokuwa mapana na matulivu, ingawa mto mzee nao una adha yake: unajipinda, unahamisha mafungu ya mchanga, na mitambo ya kuchimba mchanga kwenye njia ya vyombo haipumziki. Na pale ambapo mteremko bado upo lakini si mkali, binadamu anaweza kuukatakata. Mississippi ya juu ina vituo 29 vya malango ambamo chombo kinafungiwa kama ndani ya chumba, maji yanaongezwa au kupunguzwa, kisha kinaendelea na safari katika usawa mwingine. Hapo boti moja husukuma tishari 15 zilizofungwa pamoja, kila moja ikiwa na tani 1,500 hivi. Huo ni mzigo wa malori 900 ya tani 25.

Mtu wa Mashapo

Waliotangulia wameeleza vizuri, ila wamezungumza kana kwamba mto hubeba maji peke yake. Mto hubeba ardhi pia. Kwa mkulima na kwa mjenzi, udongo, tope na mchanga unaosafiri na maji una thamani isiyopungua ile ya maji yenyewe, na namna mto unavyoubeba ndiyo tofauti mojawapo kubwa kati ya aina za mito.

Nile ni mfano wa mto unaopita katika nchi isiyouchangia kitu. Nchini Misri unakatiza jangwa bila kupata tawi lolote, na sehemu kubwa ya maji yanayofika huko, karibu asilimia 85, imetoka katika nyanda za juu za Ethiopia. Kwa maelfu ya miaka maji hayo yalikuja kwa gharika moja kwa mwaka, yakafunika mashamba, yakaacha tope jeusi, yakaondoka. Kilimo kizima kilipangwa kwa kufuata gharika hiyo. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, mto wa gharika ukageuka kuwa mto unaopimwa kwa malango: mashamba yakaweza kulimwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, ikapatikana mitambo yenye uwezo wa megawati 2,100, na miaka ya ukame iliyoitikisa Ethiopia katika muongo wa 1980 haikuleta njaa Misri. Lakini lile tope sasa linatua katika Ziwa Nasser. Mashamba yanategemea mbolea ya kiwandani, kingo za delta zinaliwa na bahari kwa kuwa hazipati udongo mpya, na mara baada ya bwawa kujengwa samaki aina ya dagaa wa Mediterania waliokuwa wakifuata rutuba ya gharika walipungua vibaya. Sisemi kwamba bwawa lile ni kosa. Ninachosema ni kwamba aina ya mto ilibadilishwa, na kila aina ina orodha yake ya faida; huwezi kubadilisha aina ukabaki na orodha ya zamani.

Katika bonde hilohilo kuna skimu ya umwagiliaji ya Gezira ya Sudan, iliyoanza mwaka 1925 pamoja na bwawa la Sennar, ambayo mimi huiona kuwa somo zuri kuliko Aswan. Uwanda ulio kati ya Nile ya Buluu na Nile Nyeupe umeinama kidogo kuelekea magharibi, kwa hiyo maji yanayotolewa Nile ya Buluu yanatembea yenyewe katika mifereji bila pampu hata moja, na yanafika kwenye karibu hekta 900,000. Mteremko ambao ni mdogo mno kwa umeme ndio huohuo unaofaa kabisa kwa umwagiliaji.

Swali lako la pili, Mwalimu, limenigusa, kwa sababu mto wa msimu hudharauliwa na watu ambao hawajawahi kuuchimba. Nenda kwenye mto mkavu wa mchanga mwezi wa tatu tangu mvua zikatike. Juu utakuta mchanga mweupe unaochoma nyayo. Chimba kwa mikono hadi kwenye kiwiko, na mchanga unakuwa mzito na wa rangi ya kahawia. Endelea kidogo, na maji yanaanza kujikusanya chini ya shimo, kwanza kama jasho, kisha yanajaa kata. Mto haujafa, umejificha. Chembe kubwa za mchanga zinaacha nafasi kati yake, maji yanakaa humo, jua haliyafikii, mbu hawazaliani humo, na mchanga wenyewe unayachuja. Katika Kitui nchini Kenya na katika nchi nyingine kavu watu wameiendeleza hali hiyo kwa kujenga kizuizi kifupi cha zege juu ya mwamba, kukatiza mto. Misimu michache ya mvua inakijaza mchanga nyuma yake, na mchanga huo unakuwa tangi. Kizuizi kimoja cha namna hiyo hakitaonekana katika takwimu za pato la taifa, lakini mifugo haihamishwi, bustani inamwagiliwa, na saa nyingi ambazo zingepotea katika kutafuta maji zinaingia kwenye kazi nyingine. Ndiyo sababu uchotaji holela wa mchanga wa ujenzi katika mito ya msimu ni hasara mara mbili: anayeuchota anauza tangi pamoja na maji yake kwa bei ya mchanga.

Nitaje pia Okavango kwa ufupi, kwa kuwa hauingii baharini hata kidogo. Mvua zinanyesha Angola, maji yanasafiri polepole kwa miezi kadhaa, na delta ya Botswana inafurika katikati ya kiangazi, wakati nchi yote ya jirani ni kavu. Wanyama wanakusanyika kwenye maji hayo na watalii wanawafuata. Mto usio na meli, usio na bwawa kubwa, usiofika popote, ni nguzo ya utalii wa nchi nzima kwa sababu tu ya mwezi ambao maji yake yanawasili.

Mchumi wa Bonde

Ninakubaliana na karibu yote, ila nina nyongeza ambayo kwa upande wangu ndiyo inayotenganisha nchi zinazonufaika na mito na zile zinazogombana juu yake. Kuna matumizi yanayorudisha maji mtoni na kuna matumizi yasiyoyarudisha. Maji yaliyopita katika mtambo wa umeme yapo, yanaweza kupita mtambo mwingine kilomita 50 chini yake. Maji yaliyobeba tishari yapo. Maji yaliyomwagwa katika shamba la mpunga, sehemu kubwa imepanda angani kwa uvukizi na kwa kupumua kwa mimea, na aliye chini ya mto hatayaona.

Ruaha Mkuu nchini Tanzania unalionyesha jambo hili kwa uchungu. Upande wa juu kuna bonde la Usangu lenye mashamba ya mpunga na ardhioevu. Katikati kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Chini yake kuna bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80 na Kidatu lenye megawati 204. Tangu miaka ya 1990 mto huo, ambao ulihesabiwa kuwa wa kudumu, umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Kwa maneno mengine, kile ambacho Mtu wa Mashapo amekiita kubadilisha aina ya mto kilitokea pasipo mtu yeyote kuamua. Mkulima wa Usangu hakukosea kulima, kwa sababu mpunga wake unalisha familia na masoko. Tatizo ni kwamba mfereji uliochukua maji ya mashamba uliendelea kuchukua maji hata wakati mashamba hayakuyahitaji, na hapakuwa na hesabu moja iliyoweka mpunga, twiga, viboko na megawati katika ukurasa mmoja.

Wapo waliofanikiwa kuandika ukurasa huo. Mali, Mauritania na Senegal ziliunda shirika la pamoja la mto Senegal mwaka 1972, na bwawa la Manantali, ingawa limejengwa ndani ya ardhi ya Mali, ni mali ya nchi zote wanachama. Umeme wake umegawanywa asilimia 52 kwa Mali, 33 kwa Senegal na 15 kwa Mauritania. Brazil na Paraguay zilitia saini mkataba wa Itaipu mwaka 1973, na mitambo yake katika mto Paraná, ambayo sasa ina uwezo wa megawati 14,000, ni nusu kwa nusu. Paraguay, yenye mahitaji madogo, imekuwa ikimuuzia jirani yake ziada ya sehemu yake. Mto wa mpakani ambao ungeweza kuwa chanzo cha vita umekuwa bidhaa ya kuuza nje.

Lakini mgawanyo wenyewe hutegemea kuujua mto. Majimbo saba ya Marekani yalipogawana maji ya Colorado mwaka 1922, yalitumia vipimo vya miaka ambayo mvua ilikuwa nyingi kuliko kawaida, yakagawana maji ambayo mto huo hauna. Miaka 100 baadaye bado wanabishana, na katika miaka mingi Colorado haufiki tena baharini. Ndugu Mhandisi amesema tuulize maji yamegawanyika vipi katika miezi 12; mimi ningeomba tuulize pia yamegawanyika vipi katika miaka 30 au 50, kabla hatujamwaga zege wala kutia saini.

Jambo moja la mwisho ambalo halipendwi katika hesabu hizi. Bwawa la Mabonde Matatu katika mto Yangtze lina uwezo wa megawati 22,500, mkubwa kuliko bwawa lolote, na limewezesha vyombo vikubwa kupanda hadi Chongqing. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa ili lijae. Thamani ya mto kwa nchi si lazima iwe thamani kwa kila anayeishi kando yake, na mwanafunzi anayeandika faida za mito aulize pia ni nani anayezipokea.

Mwalimu wa Ramani

Ninawashukuru nyote. Mmenipa zaidi ya nilichoomba. Ninaona sasa kwamba nilikuwa nikifundisha aina za mito kama majina ya kukariri. Nina swali moja dogo la utekelezaji: nina vipindi viwili tu, na wanafunzi 60 wasio na vifaa vyovyote zaidi ya madaftari na rula. Ningeanza na nini?

Mhandisi wa Maji

Mwalimu, anza na michoro miwili, nayo inatosha. Mchoro wa kwanza ni mstari wa mto kutoka kwenye chanzo hadi baharini: umbali chini, kimo ubavuni. Wachoree Amazon na Kongo kwenye mhimili mmoja, na usiseme neno lolote hadi mmoja wao aonyeshe kwa kidole mahali ambapo mstari wa Kongo unavunjika kati ya Kinshasa na Matadi. Mchoro wa pili ni nguzo 12, moja kwa kila mwezi, za kiasi cha maji. Mto wa Ikweta utakuwa na nguzo zinazokaribiana, mto wa mvua za msimu utakuwa na mlima mmoja, na mto wa mchanga utakuwa na nguzo mbili au tatu kisha patupu.

Mtu wa Mashapo

Na kwenye hapo patupu, Mwalimu, waambie wachore mstari wa nukta chini ya mhimili, kwa ajili ya maji yaliyomo mchangani.